Figo Iliyobaki Kuhmo

Kuhmo, 4 Februari 2024

Mpwa wangu Vuokko,

Ni matumaini yangu kwamba wewe na mama yako hamjambo huko visiwani, na kwamba kivuko chako bado kinapasua barafu bila ubishi. Huku tupo, mimi na mbwa. Wiki iliyopita baridi ilishuka hadi nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri. Tessu alikataa kutoka nje, akafanya haja yake kizingitini, kisha akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeiagiza baridi ile. Siku hizi barua haziletwi kila siku, kwa hiyo usishangae hii ikikawia.

Mshukuru mama yako kwa ndoo ya saladi ya Krismasi niliyorudi nayo kwenye treni. Niliila asubuhi na jioni mpaka tarehe nane Januari, maana mtu anayeishi peke yake hana uso wa kutupa bitiruti alizokatakata dada yake kwa mkono.

Sasa nina jambo la kukueleza, na nitalieleza kwa utaratibu, kama nilivyozoea darasani.

Baada ya Krismasi mkojo wangu ulianza kuwa mwekundu. Sikushtuka. Kwa miaka thelathini na miwili niliwafundisha watoto wa Kuhmo kwamba rangi ya bitiruti ni kaidi: kwa baadhi ya watu hupita tumboni, ikaingia kwenye damu, ikachujwa na figo, na ikatoka ingali nyekundu. Kila Januari alikuwepo mtoto mmoja aliyekuja kulia kwamba anakufa, nami nikimwuliza kwa upole nyumbani walikula nini. Basi safari hii nikajipoza hivyo hivyo. Ndoo ikaisha. Rangi haikuisha. Nikasema ni masalio. Tarehe ishirini na mbili nikaenda kituo cha afya, huku nikiona haya kidogo kuwasumbua watu kwa ajili ya mboga.

Nesi aliyenipokea ni Marketta. Nilimfundisha mwaka 1988, na hata wakati ule mdomo haukumtulia.

"Mwalimu, umekula nini?"

"Bitiruti."

"Lini mara ya mwisho?"

"Tarehe nane."

Alichovya kijikaratasi kwenye chupa, akakitazama, kisha akanitazama mimi. "Wiki mbili zilizopita! Mwanafunzi akikupa jibu kama hilo, utampa alama ngapi?"

"Nne, ya chini kabisa," nilisema.

"Basi umeanguka mtihani, Mwalimu. Hii ni damu."

Wakanipiga ultrasaundi, halafu picha ya CT kule Kajaani. Kuna uvimbe ndani ya figo, upana wake sentimita tatu na nusu, kama ndimu ndogo. Daktari anaamini ni saratani. Figo yenyewe ni ya kulia. Unajua kwamba ya kushoto sinayo. Iko kwa mama yako tangu ulipokuwa na miaka kumi na mmoja.

Nikueleze figo ni nini. Usiifikirie kama ungo mmoja. Ina vichujio karibu milioni moja, vidogo visivyoonekana kwa macho, na kila kichujio kina kijifereji chake. Damu ikishachujwa, maji yake hupita humo, na kuta za kijifereji hurudisha mwilini kile kinachofaa: maji, chumvi, sukari. Kinachobaki ndicho mkojo. Saratani ya figo mara nyingi huanzia kwenye hizo kuta. Chembe hai moja inasahau kazi yake na kuanza kujigawa, na zile zinazozaliwa nazo haziijui kazi. Hukua kimya kimya, kwa sababu figo iko nyuma kabisa, imezungukwa na mafuta, wala haiumi mpaka mambo yafike mbali. Wengi hugundua kwa bahati tu, wanapopigwa picha kwa ajili ya mgongo au nyongo. Sigara huongeza hatari, na unene, na shinikizo la damu. Mimi nilivuta kiko mpaka 1991. Lakini jambo moja litie akilini: kutoa figo hakuleti saratani kwenye ile inayobaki. Nimemwuliza daktari, na nimesoma pia.

Ndiyo maana nakuomba usimwambie mama yako. Atasikia nusu ya kwanza ya maelezo, ya pili hataisikia.

Mjomba wako,
Eljas


Nauvo, 17 Februari 2024

Mjomba,

Salamu zako zimefika, na Tessu mpe pole yake. Huku barafu ni nyembamba na chafu. Jana mzee mmoja alipanda kivukoni na kigari cha theluji juu ya trela, akaniuliza kama nimeona theluji popote. Mama ni mzima. Alipimwa wiki iliyopita, kila kitu kiko sawa, amekasirika tu kwa sababu maabara wamehamisha viti. Amefuma soksi jozi nne tangu Krismasi, na jozi moja ina miguu ya kushoto mitupu.

Nimeisoma barua yako mara tatu kwenye chumba cha usukani, magari yakipanda na kushuka. Mara ya tatu kulikuwa na watu wanapiga honi.

Mjomba, umeandika kurasa nne. Sasa najua kuhusu vijifereji kuliko mtu yeyote wa kisiwa hiki. Ninachotaka kujua hukuandika. Watakufanya nini? Lini? Na wewe uko vipi? Umenieleza figo inavyojisikia lakini mwenye figo hukumtaja.

Kuhusu Mama: nitanyamaza. Lakini sikiliza vizuri, kunyamaza na kudanganya ni vitu viwili. Akiniuliza usoni, sitamwambia kwamba hujambo.

Unaogopa?

Vuokko


Kuhmo, 3 Machi 2024

Mpwa wangu,

Nimefurahi kusikia maabara ya mama yako ni nzuri. Soksi za miguu ya kushoto anitumie mimi. Tessu ana miguu minne na hatalalamika. Huku mchana umerefuka, na jua likigonga paa barafu inadondoka vipande vipande. Ziwa lenyewe bado limefungwa, nimetoboa matundu na kutega nyavu chini yake.

Umeuliza watanifanya nini. Swali zuri, nitalijibu.

Watu hudhani saratani zote hutibiwa kwa zile dawa zinazonyonyoa nywele. Za figo ni kaidi, dawa hizo hazizitishi, na miale ya kawaida nayo haizitishi sana. Tiba kuu ni kisu. Uvimbe ukiwa haujatoka nje ya figo, ukikatwa wote, wagonjwa wengi sana hupona na hawausikii tena. Ukiwa umeshasambaa mapafuni au mifupani, siku hizi zipo dawa zinazoiamsha kinga ya mwili ili iwatambue hao wavamizi, na nyingine zinazouzuia uvimbe usijitengenezee mishipa ya damu. Miaka ishirini iliyopita hazikuwepo. Mimi nimepigwa picha ya kifua, mapafu ni safi. Kwa hiyo hizo si zangu.

Daktari wangu huko Oulu anaitwa Sundqvist. Ni msichana, mama yako angemwuliza kama amekula. Anachora vizuri. Alinichorea njia tatu.

Ya kwanza ni kungoja na kuangalia. Uvimbe mdogo kwa mtu mzee aliyechoka unaweza kupigwa picha kila baada ya miezi michache bila kuguswa, maana mwingine hukua polepole sana. Lakini wangu unatoa damu, na yeye haupendi.

Ya pili ni kuupenyezea sindano ndefu kupitia mgongoni na kuugandisha mpaka ufe. Kwa mtu wa Kuhmo ni tiba inayoeleweka. Ila uvimbe wangu umejibanza karibu na lile bonde la katikati ambapo mkojo hukusanyika, na baridi ikikosea njia itaharibu bonde lenyewe.

Ya tatu ni kukata. Mtu mwenye figo mbili angeweza kutolewa ile mbovu yote akaenda zake. Kwangu watakata uvimbe peke yake na ukingo mwembamba unaouzunguka, kama unavyotoa jicho bovu kwenye kiazi na kupika kinachobaki. Ili damu isifurike, huubana mshipa mkubwa unaolisha figo. Figo ikikosa damu kwa dakika ishirini hivi huvumilia. Muda ukizidi sana, huanza kufa. Ndani ya dakika hizo mtu anatakiwa akate, ashone, afungue. Nilimwuliza Sundqvist kama mikono yake hutetemeka. Akasema, "Nikiwa nyumbani, nikitia uzi kwenye sindano ya kushonea vifungo." Nilimpenda kwa jibu hilo.

Kuhusu tarehe, tutaona. Nina nyavu chini ya barafu.

Eljas


Nauvo, 15 Machi 2024

Mjomba,

Hatujambo. Ndege wa baharini wamerudi na wanainyea sitaha yangu.

Jana ilikuwa siku ya figo, siku uliyompa Mama ile ya kushoto, kama unavyojua, maana ulipiga simu. Mwaka wa ishirini na saba. Mama alioka mkate wa iliki wenye umbo la figo, kama kila mwaka, na safari hii umetoka kama kiatu cha mpira. Tuliula hivyo hivyo. Baada ya kuongea na wewe aliirudisha simu mezani.

"Ameniuliza kreatinini yangu ni ngapi," akasema.

"Nani?"

"Kaka yangu. Miaka ishirini na saba hajawahi kuniuliza hilo. Huniuliza hali ya hewa, kisha hunieleza hali ya hewa hutokana na nini."

 Alikwenda kuosha kikombe. Alikiosha kwa muda mrefu sana, Mjomba, na kilikuwa kisafi.

Mwalimu mzima wa biolojia! Unaficha siri kwa mtu ambaye amesoma karatasi za figo zake tangu 1995, halafu unamwuliza namba ya uchafu ambao figo imeuacha kwenye damu.

Nimeielewa njia ya kwanza, ya pili na ya tatu. Nimemweleza hata nahodha mwenzangu, naye sasa anataka kupimwa. Nyavu hazina saratani. Nataka tarehe. Ni neno moja, linaenea hata kwenye kadi.

Vuokko


Kuhmo, 7 Aprili 2024

Mpwa wangu Vuokko,

Samahani kwa kuchelewa. Hii ni barua ya nne. Tatu za mwanzo nilizitia jikoni kuwashia moto. Afya ya mbwa ni njema. Theluji imelainika, mtu akiikanyaga anazama mpaka gotini, na barabara ya kwenda kwenye sanduku la barua ni matope.

Tarehe ilikuwepo. Ilikuwa tarehe ishirini na moja Machi. Karatasi yake ilifika mapema, nikaiweka chini ya kalenda, si juu. Siku mbili kabla, niliwapigia simu nikasema nina mafua. Sikuwa na mafua. Niliketi nikajipikia kahawa, na siku ile ikapita kama siku nyingine. Wamenitaka nipige nikipona. Sijapiga.

Nitajaribu kukueleza bila kuchora.

Daktari alisema upo uwezekano, si mkubwa lakini upo, kwamba figo haitaamka vizuri baada ya kubanwa mshipa. Ikilala siku chache, watanisafisha damu kwa mashine mpaka izinduke. Isipozinduka, itakuwa mashine mara tatu kwa wiki, maisha yangu yote yaliyobaki. Kutoka hapa ni kilomita mia kwenda na mia kurudi. Hilo ningelivumilia, ningesoma vitabu.

Lakini nakumbuka mwaka 1996. Ulikuwa ukifanya hesabu zako pembeni ya kitanda cha mama yako, naye amelala kwenye ile mashine, rangi yake kama nta. Ulikuwa na miaka kumi. Ulimwuliza nesi kama damu ya mama hurudi yote au huibiwa kidogo. Figo niliitoa ili picha ile iishe. Sasa fikiria mama yako, Aune, aingie chumbani anikute mimi nimelala pale. Atafanya hesabu moja tu: kwamba kama asingeichukua ya kushoto, mimi ningetolewa ya kulia na kurudi nyumbani nikiwa na nyingine. Na hesabu hiyo ni sahihi, Vuokko. Ndiyo sababu siwezi kuibishia. Ataibeba mpaka kaburini.

Nina miaka sabini na mmoja. Huenda ndimu hii itakua polepole, nikaondoka kwa jambo lingine kabla haijaniondoa, na yeye asijue lolote. Nalifikiria hilo kila siku nikiwa sauna, mahali pekee ambapo Tessu hanifuati.

Ndiyo, naogopa. Uliniuliza Februari, nakujibu Aprili. Useme posta ilichelewa.

Eljas


Nauvo, 14 Aprili 2024

Mjomba Eljas,

Naandika haraka ili barua iwahi gari la kesho. Mama anajua. Sikumwambia. Sikiliza ilivyokuwa, kisha ukasirike ukitaka.

Barua yako ilifika Alhamisi. Niliisoma nikiwa nimesimama kwenye ukumbi, na koti mwilini. Mama alikuwa amekuja kwangu kupanda maua ya dirishani. Akaniambia, "Vua koti, kaa." Akamimina kahawa, kwangu na kwake.

"Uliahidi kunyamaza?"

"Ndiyo."

"Basi nyamaza. Mimi nitasema, na nikikosea, wewe unywe kahawa."

Nikashika kikombe.

"Eljas amepata mwanamke." Nilikunywa, karibu nipaliwe.

"Ana mawe kwenye figo." Nilikunywa tena.

"Ana kansa kwenye figo."

Mjomba, kahawa ilibaki mezani.  Tulikaa hivyo mpaka ikapoa, kisha akaichukua barua yako, akaisoma yote, nami sikumzuia. Halafu akasema, "Lete karatasi. Mimi nikiandika mwenyewe nitaandika matusi." Haya yafuatayo ni maneno yake, sijaongeza wala kupunguza.

*Eljas. Mimi ninaishi na figo moja ya mtumba kwa miaka ishirini na saba, iliyovutiwa kiko kabla sijakabidhiwa. Wewe unashindwaje na ya kwako uliyozaliwa nayo? Daktari anakuambia atatoa kipande na kuacha kilichobaki, nawe unapiga simu kusema una mafua. Mwanafunzi angekuletea uongo wa aina hiyo ungemsimamisha kona.*

*Unasema nitafanya hesabu. Nimeshaifanya, tangu mwaka 1997, usiku ule kabla ya kupasuliwa. Nilijua kwamba naweza kukuachia moja na siku moja hiyo moja ikaugua. Niliogopa, nikaichukua. Niliitaka. Nilikuwa na mtoto wa miaka kumi na mmoja, na nilitaka kumwona akikua, nimemwona, amekuwa mtu mzima anayeendesha kivuko na kusahau kula. Sijuti hata siku moja. Kama unajuta wewe, sema. Kama hujuti, usinipe majuto ambayo si yangu.*

*Na kuhusu kukuona kwenye mashine. Wewe uliniona. Sikufa kwa kuonwa. Ulikuwa ukija kila likizo, treni mbili na basi, ukaketi pale na kunieleza jinsi ile mashine inavyofanya kazi, chumvi inapita wapi, maji yanavutwa na nini, mpaka nikatamani king'ora kilie ili unyamaze. Maelezo yako yale ndiyo yaliyonivusha. Nilikuwa nachukia saa zile nne, na ulipokuwepo zilikuwa saa mbili. Sasa unaninyima zamu yangu kwa nini?*

*Usipotaka kwenda kwa sababu yako mwenyewe, hiyo ni haki yako, nitalia na nitanyamaza. Lakini usiseme ni kwa ajili yangu. Mimi sijakuomba hilo.*

Hapo ndipo alipoishia. Sanduku lake la safari liko mlangoni kwake, limefungwa tayari, na kila asubuhi analiruka ili akachukue gazeti. Ana miaka sitini na sita, Mjomba. Mwonee huruma, atavunjika kiuno.

Vuokko


Kuhmo, 23 Aprili 2024

Vuokko,

Barafu imeachana na ufuo kwa upana wa mita moja. Nyavu nimezitoa, visamaki vilikuwa vichache.

Nilipiga simu Oulu leo asubuhi. Aliyepokea aliniuliza kama mafua yamepona. Nikamwambia hayakuwepo. Akasema, "Tunajua, Mwalimu. Mafua ya aina yako tunayapata kila wiki." Wamenipa tarehe ishirini na mbili Mei, nilale hospitali usiku wa kuamkia siku hiyo.

Tessu atakaa kwa jirani Reijo, ambaye amesema maneno sita juu ya habari hii yote, na yote sita yalikuwa ya heri.

Mwambie Aune sijuti. Mwambie pia asilete kiatu cha iliki. Aje yeye tu.

Eljas


Kuhmo, 12 Juni 2024

Mpwa wangu mpendwa,

Najua majira ya watalii yamekubana kwenye usukani na hukuweza kuja, na kwamba mama yako amekupigia simu kila siku. Hata hivyo nitakueleza mimi, kwa sababu yeye husimulia kuanzia mwisho. Nimerudi nyumbani tangu Alhamisi. Naruhusiwa kutembea, sinyanyui kitu kizito, na sauna wamenifungia mpaka kidonda kikauke vizuri. Reijo amemrudisha Tessu akiwa ameongezeka kilo mbili. Viazi vyangu amevipanda yeye, kwa mistari iliyopinda, na nimesema asante.

Upasuaji ulichukua saa tatu na nusu. Walipitisha vifaa kwenye matundu matano madogo, Sundqvist akiviongoza akiwa ameketi mbele ya skrini. Mshipa waliubana kwa dakika ishirini na sita, zaidi ya alivyotaka, maana uvimbe ulikuwa umeshikana na bonde kuliko picha ilivyoonyesha. Aliniambia hivyo mwenyewe, hakunificha. Uvimbe ulitoka mzima. Figo iliyobaki ni kama robo tatu.

Kisha figo hiyo ikalala. Siku ya kwanza ilitoa kidogo, siku ya pili karibu haikutoa kitu. Uso wangu ulivimba, nikawa siwezi kufunga vifungo vya nguo. Siku ya tatu wakaniweka kwenye mashine.

Aune aliingia nikiwa nimeshaunganishwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno ya kumpoza, hata nilikuwa nimeyapanga. Alivuta kiti, akatoa sufu yake, akaitazama mashine juu hadi chini kama mtu anayekagua gari la jirani.

"Zetu zilikuwa na kelele zaidi," akasema.

Halafu akaanza kunieleza jinsi inavyofanya kazi. Alieleza vibaya, Vuokko. Alichanganya chumvi na uchafu, akasema maji husukumwa mahali yanapovutwa. Nilimsahihisha mara mbili, akaniambia mgonjwa anyamaze. Niligeuza uso dirishani kwa muda, machozi yakanitoka, na yeye aliendelea kufuma na kueleza, hakusimama. Sikumbuki saa zile nne zilikwendaje. Hata hivyo, sikuona uso niliokuwa nikiuogopa tangu Januari. Niliona mtu aliyepata zamu yake.

Niliunganishwa na mashine mara mbili tu. Majibu ya maabara yalifika jana: ni saratani kweli, ya aina ile ya kawaida zaidi, haina haraka sana, na kingo za kipande walichokata ni safi pande zote. Hakuna dawa zaidi. Novemba watanipiga picha, kisha kila baada ya miezi sita, kisha kila mwaka, kwa muda mrefu, maana hizi huweza kurudi hata baada ya miaka mingi. Sundqvist hakusema nimepona. Alisema, "Sasa hivi hatuoni chochote, na hatutaacha kutazama." Ni jibu la mwanasayansi, nami nimelikubali. Kreatinini yangu ni mia na sabini na inashuka. Mwambie mama yako namba hiyo, atajifanya haimhusu.

Lakini nilitaka kukusimulia siku ya sita, kwa sababu hiyo yeye huwa anairuka, anaona haya.

Ilikuwa asubuhi. Nesi wa zamu, kijana mrefu aitwaye Aapo, alikuja kutazama kile kimfuko kinachoning'inia kitandani. Aliinama, akakaa hivyo kwa muda. Kisha akachukua jagi la kupimia, akaumimina mkojo humo, akaliinua kwenye mwanga wa dirisha. Ulikuwa wa manjano, Vuokko. Mililita arobaini, hata kikombe cha kahawa haujazi. Aune aliangusha sindano zake zote mbili. Alisimama na kupiga makofi, peke yake, katika chumba chenye wagonjwa watatu waliokuwa wamelala, na mmoja wao akauliza kama ni bao.

"Huyu mama ni nani?" Aapo aliniuliza.

"Dada yangu. Yeye anayo ya kushoto, mimi ninayo ya kulia."

 Akatutazama, mimi kisha yeye, akaandika arobaini kwenye chati.

"Kwa hiyo asubuhi hii," akasema, "zote mbili ziko kazini."

Mjomba wako,
Eljas